Habari ya mwalimu kuondoka nimeisikia kwa mwanafunzi. Hivi timu yetu ilivunjika lini hasa?

#1 ChakiNyeupe
Wakuu, habari zenu.

Nafundisha darasa la tatu, shule ya msingi. Jumatatu moja nimeshika chaki, hata tarehe sijamaliza kuiandika ubaoni, mtoto wa dawati la mbele ananiuliza: "Mwalimu, mwalimu wa darasa la pili akiondoka nani atatufundisha kwaya?" Nikamwambia haondoki. Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mtoto. "Anaondoka Ijumaa. Mama kasema."

Na kweli Ijumaa akaondoka. Uhamisho. Mwalimu mkuu alikuwa anajua wiki tatu kabla. Karani anajua. Wazazi wasiopungua wanne wanajua. Sisi tuliokuwa tunaandaa naye masomo kila Alhamisi baada ya vipindi ndio tuliojua mwisho. Sikumwambia mtu kitu wiki ile, nilimeza donge langu nikafundisha.

Tulikuwa watatu: la kwanza, la pili na mimi la tatu. Mmoja anakata kadi za silabi, mmoja anatunga mazoezi ya hesabu, mmoja anapitia madaftari ya wanaochelewa kusoma. Tangu aondoke hatujakaa hata Alhamisi moja. Ofisini ubao wa matangazo bado una ratiba ya zamu ya muhula uliopita, na Jumatano jina lake lipo palepale.

Swali: kilichoivunja timu ni yeye kuondoka, au ni namna habari ilivyotufikia? Maana walimu wanahama kila mwaka na shule hazifi.

#2 KengeleYaPili
Napiga kambi hapa. Hii ni shule yetu kabisa, tofauti ni jina tu.

#3 KalamuNyekundu
Jibu halina kona: mwalimu mkuu. Kuna wakuu wa shule wanaokaa na habari kama mtu aliyekalia ufunguo wa stoo. Ukitaka kujua chochote lazima upite kwake, na ukipita kwake umeshakuwa na deni.

Kwetu makamu alibadilishwa, tukajua siku tulipoingia ofisini tukakuta mtu mwingine kwenye kile kiti. Tukamsalimia tukidhani ni mkaguzi. Wenzangu wawili walikimbilia madarasani kutafuta maandalio ya somo. Kumbe naye ni mgeni, anaogopa kuliko sisi.

#4 NimekaaKitiHicho
Mimi ni mwalimu mkuu, nipigeni mawe polepole.

Mwalimu anakuja kwangu, anafunga mlango, ananiambia ameomba uhamisho kwa sababu ya ugonjwa nyumbani kwake. Anasema naomba iwe siri mpaka barua itoke. Barua inaweza kutoka mwezi huu, inaweza isitoke kabisa. Mnataka nikabandike ubaoni?

Niliwahi kujaribu uwazi mnaousema. Nikatangaza kikaoni, tukaagana, watoto wakaimba, wengine wakalia. Ijumaa jioni uhamisho ukasitishwa. Jumatatu mwalimu yuleyule kaingia getini na begi lake, watu wanampa mkono kama mtu aliyefufuka. Alikaa miaka miwili mingine na kila akikosea kidogo wenzake wanamwambia "si tulishakuaga wewe". Tangu hapo nasubiri barua niishike mkononi.

#5 ChakiNyeupe
Mkuu #4 nimekuelewa, na pole kwa huyo mfufuka. Ila ya kwetu barua ilikuwepo wiki tatu. Na wale wazazi wanne walijuaje?

#6 MamaWawili
Walijua kwa mwalimu mwenyewe. Mimi ni mzazi, si mwalimu, ila nasimama getini kila siku saa ya kutoka. Mwalimu anakurudishia daftari la mwanao, anakwambia "mama, mkazanie kusoma, mimi huenda nisiwepo muhula ujao". Hajavunja siri, amejali mtoto. Wewe unamwambia mwenzako mliyesimama naye. Mpaka mnafika kona ya kwanza darasa zima lina habari.

Hakuna aliyekusudia kuwaruka nyie. Mlikuwa ndani, habari ikapita nje.

#7 DawatiLaNyuma
Mada nzuri. Niongeze vitu viwili vya utafiti.

Cha kwanza, mwanasosholojia wa Marekani Dan Lortie mwaka 1975 alifananisha shule na trei la mayai. Kila mwalimu kwenye kishimo chake, haguswi wala hagusi. Maana yake kutojua habari za mwenzako si ajali, ni umbo la kazi yenyewe: kila mtu ana mlango wake, watoto wake, ubao wake.

Cha pili, Ronfeldt, Loeb na Wyckoff walitoa utafiti 2013 kuhusu watoto wa darasa la nne na la tano jijini New York, data za miaka 8. Ngazi ya darasa iliyopoteza walimu wengi, matokeo ya lugha na hesabu yalishuka. Na sikiliza hii: hata watoto ambao mwalimu wao HAKUHAMA waliathirika. Mtoto wako anabaki na mwalimu wake na bado anaumia kwa sababu mwalimu wa chumba cha pili kaondoka.

Kwa hiyo ChakiNyeupe, mimi nasema ni kuondoka, sio habari.

#8 KalamuNyekundu
#7 ahsante, ila hao wa New York walihesabu walimu wanaohama. Hawakupima walimu waliobaki walijuaje kwamba mwenzao anahama. Sasa hapo umejibu swali la nani?

#9 DawatiLaNyuma
Nimejibu nusu. Nusu nyingine nakuachia wewe na kalamu yako nyekundu.

#10 MzeeWaRejista
Vijana, nimestaafu lakini macho bado yanasoma. Wote mnazunguka. Ni RATIBA.

Nilikuwa mwalimu wa taaluma miaka mingi. Ratiba ya shule nzima nilikuwa naichora mwenyewe kwenye karatasi kubwa, penseli na kifutio, magoti sakafuni kwa sababu meza haitoshi. Mwaka mmoja nikagundua kwamba nikiweka michezo ya la kwanza, kwaya ya la pili na uchoraji wa la tatu saa moja ileile, na walimu wengine wakashika watoto, wale walimu watatu wanabaki huru kwa pamoja. Sikumwambia mtu akae na mtu. Wiki ya pili nawakuta wenyewe wamekaa chini ya mti na madaftari. Walikaa hivyo miaka sita. Katikati hapo wawili walihama, wakaja wengine, kikao kikaendelea.

Halafu kaja kijana na kompyuta. Ratiba safi, ina rangi, haina mgongano hata mmoja. Ila vipindi huru kavitawanya, huyu saa tatu, huyu saa sita, huyu hana. Kikao kilikufa wiki ya pili. Hakuna aliyehama. Hakuna siri. Hakuna ugomvi.

ChakiNyeupe nakuuliza: kwa nini mlikuwa mnakaa Alhamisi BAADA ya vipindi?

#11 ChakiNyeupe
Shikamoo mzee. Kwa sababu hatukuwa na muda mwingine.

#12 MzeeWaRejista
Marahaba. Basi hamkuwa na kikao, mlikuwa na wizi. Mlikuwa mnajiibia muda wenu wenyewe. Wezi watatu, mmoja akiondoka waliobaki wanaogopa.

#13 KengeleYaPili
Hahaha mzee kaua. "Hamkuwa na kikao mlikuwa na wizi." Naiandika ofisini kesho, mkuu #4 asijue.

#14 NimekaaKitiHicho
Nimeshajua.

#15 PoleKwaWote
Uzi mrefu, mwenye ufupisho aweke.

#16 KengeleYaPili
Mwalimu kaondoka. Mzee analaumu ratiba.

#17 HesabuZaVidole
Mnasahau ukubwa wa kundi. Kuna mwanasaikolojia wa Ujerumani anaitwa Ringelmann, aliwafanya watu wavute kamba. Mtu mmoja anavuta kwa nguvu zote, wakiwa wanane kila mmoja anavuta kama nusu tu. Ofisi ya walimu ya watu ishirini na tano hakuna timu, kuna watazamaji. Kila mtu anadhani tangazo litatolewa na mwingine. Uvivu wa kundi tu, msitafute mchawi.

#18 DawatiLaNyuma
Marekebisho mkuu. Ringelmann alikuwa Mfaransa, na hakuwa mwanasaikolojia, alikuwa mhandisi wa kilimo. Alitaka kujua nguvu za watu na wanyama zinavyofanya kazi, akachapisha 1913. Hiyo ya watu wanane kuvuta karibu nusu kila mmoja ni kweli, inatajwa asilimia 49.

Ila yeye mwenyewe hakuiegemeza kwenye uvivu. Aliona zaidi ni kukosa kwenda pamoja: huyu anavuta, yule anapumua. Mwaka 1974 Ingham na wenzake walirudia kwa ujanja, wakamfunga mtu kitambaa machoni, akaamini kuna watu nyuma yake wanavuta naye kumbe yuko peke yake. Bado nguvu ilishuka. Kwa hiyo uvivu upo, na kutokwenda pamoja nako kupo.

#19 HesabuZaVidole
Ahsante kwa kunisahihisha. Mfaransa basi. Kamba ni ileile.

#20 KalamuNyekundu
Kwa hiyo mwalimu anaweza kufungwa kitambaa akaamini ana wenzake kumbe yuko peke yake. Hiyo si 1974, hiyo ni shule yetu.

#21 Mlinzi_Getini
Naomba kuchangia, mimi si mwalimu. Ni mlinzi wa shule ya msingi mwaka wa tisa.

Mnasema "timu" toka juu lakini naona mnahesabu walimu. Mimi, mama wa usafi na karani hatumo. Kikaoni hatuitwi. Siku moja ilipangwa siku ya michezo, wazazi waalikwe saa nne. Walimu wote wanajua, watoto wanajua. Mimi nina maagizo ya zamani kwamba saa za masomo mzazi haingii bila kibali. Wakaja. Nikawazuia. Wengine wamevaa vizuri kabisa, mmoja ana tarumbeta. Nimesimama na wazazi kama sitini upande wa nje, ndani mbio zinaanza bila watazamaji. Mwalimu mkuu alipokuja kufungua alinitazama kama nimeiba.

Sasa nimuulize mleta uzi, kwa heshima. Umesema mtoto alikwambia Jumatatu na mwalimu kaondoka Ijumaa. Toka Jumatatu mpaka Ijumaa ni siku ngapi? Mwalimu wa darasa la kwanza ulimwambia?

#22 MamaWawili
Hilo swali.

#23 KengeleYaPili
Mwenye tarumbeta nimemwonea huruma sana. Alipiga hukohuko nje au?

#24 Mlinzi_Getini
Alipiga. Ndiyo wakajua ndani.

#25 MwalimuMgeniHapa
Mimi nataka kuongea kutoka upande wa anayekuja, maana mnaongelea anayeondoka tu.

Niliingia shule katikati ya muhula kuziba nafasi ya mwalimu aliyekwenda likizo ya uzazi. Nilipewa rejista, funguo ya kabati na "karibu sana". Siku ya tatu mtoto mmoja akabanwa na pumu darasani. Inhela yake ilikuwa kwenye droo ya meza, nilikuwa naikalia, sikujua. Mtoto wa pembeni yake ndiye aliyesimama akaifungua droo akampa. Miaka saba. Wenzangu wote walijua mtoto huyo ana pumu, kila mmoja akadhani nimeshaambiwa. Sikulala usiku ule.

Shule ya pili niliyokwenda nilikuta daftari la kawaida la kurasa 48 juu ya meza, limeandikwa juu "Kwa atakayenifuata". Kila mtoto ana mistari miwili mitatu. Nakumbuka baadhi: "Huyu mweke mbele, ubao hauoni vizuri lakini hatakwambia." "Huyu akinyamaza siku mbili muulize kuhusu bibi yake." "Hawa wawili usiwatenganishe, nilijaribu." "Huyu anajua kusoma, anajifanya hajui ili nikae karibu naye."

Yule mwalimu sijawahi kumwona uso. Mpaka leo huwa nasema nilifanya kazi naye.

#26 ChakiNyeupe
#25 umenifanya niende kufungua droo ya meza ya darasa la pili. Kuna vipande vya chaki na kadi za silabi tulizokata. Daftari hakuna.

#27 NimekaaKitiHicho
Mwalimu #25, hilo la pumu limenitoa jasho. Nimekwenda kuangalia shuleni kwangu: taarifa za afya za watoto ziko kwenye faili, faili liko kabatini, funguo ninayo mimi. Nimekaa kiti hiki miaka mingi nikidhani huo ndio utunzaji mzuri.

Ila bado nasimama kwenye neno langu. Ugonjwa wa mtoto lazima mwalimu wake aujue. Sababu za mwalimu kuhama si za kila mtu. Msizichanganye.

#28 KalamuNyekundu
Hakuna aliyeomba sababu mkuu. Tunaomba tarehe. "Fulani anatuacha Ijumaa" inatosha, hata sababu usitupe.

#29 NimekaaKitiHicho
Ukitoa tarehe bila sababu, sababu wataitunga. Na watakayoitunga ni mbaya kuliko ya kweli. Amini.

#30 ZamuYaJumatano
Kundi la WhatsApp la walimu si lipo kwa kazi hiyo? Mbona kwetu kila kitu kinatangazwa humo.

#31 KengeleYaPili
Kwetu lipo. Tangazo la kikao linawekwa saa 1:05 jioni. Kufika saa 1:20 limeshafunikwa na salamu za usiku mwema, maua, na mtu mmoja anayetuma video ya dakika nane bila maelezo. Asubuhi watu sita hawajui kuna kikao.

#32 ZamuYaJumatano
Huyo wa video tunaye pia. Ni yuleyule atakuwa.

#33 HesabuZaVidole
Tulitengeneza makundi mawili, moja la matangazo tu, moja la soga. Lile la matangazo likakaa kimya sana watu wakaanza kulitilia shaka, wakahisi kuna kundi la tatu.

#34 Mlinzi_Getini
Mimi simo hata moja.

#35 DawatiLaNyuma
Turudi. Kuna jambo halijasemwa: imani. Bryk na Schneider walifuatilia shule za sekondari zaidi ya 400 Chicago miaka ya tisini. Shule ambazo watu wake waliaminiana sana zilikuwa na nafasi 1 kati ya 2 ya kupandisha matokeo. Zenye imani ndogo, 1 kati ya 7. Imani yenyewe waliigawa kwenye mambo manne: heshima, kujaliana, umahiri wa kazi, na mtu kutimiza anachosema.

Kwa hiyo namrudia KalamuNyekundu, naona nusu yako sasa. Habari ikikuruka, kinachokufa ni heshima, Alhamisi inafuata baadaye.

#36 NimekaaKitiHicho
Leo zamu yangu kukusahihisha, umewasahihisha wengi. Zilikuwa shule za msingi, sio sekondari. Kazi yao ilitoka 2002, niliisoma nikiwa masomoni. Na hizo imani walizipima kwa walimu kwa wenzao, walimu kwa mkuu, walimu kwa wazazi. Sio mkuu peke yake, KalamuNyekundu.

#37 DawatiLaNyuma
Nakubali, za msingi. Kidole kiliteleza.

#38 KengeleYaPili
Kidole kimeteleza mpaka sekondari.

#39 MwalimuMgeniHapa
Kuna mwenye uzoefu na ule utaratibu wa Wajapani, walimu kuandaa somo moja pamoja? Nasikia ulianza baada ya vita kuu ya pili.

#40 DawatiLaNyuma
Ni wa zamani zaidi, mizizi yake ni enzi ya Meiji, karne ya 19. Wanauita jugyo kenkyu. Nje ya Japani ulijulikana sana baada ya Stigler na Hiebert kuuandika 1999. Walimu wanapanga somo moja kwa wiki kadhaa, mmoja analifundisha, wengine wamekaa pembeni wanaandika. Hawamwangalii mwalimu, wanaangalia watoto: nani kakunja uso wapi, nani kafuta jibu akaandika tena. Wakimaliza wanalijadili kama somo lao wote. Likiharibika, limeharibika letu.

#41 ZamuYaJumatano
Tulijaribu. Mara ya kwanza watoto walijinyoosha kama gwaride kwa sababu kuna walimu watano nyuma. Nikauliza swali, hakuna mkono. Nikauliza jepesi, hakuna. Nikauliza "leo siku gani", mtoto akajibu kwa kunong'ona. Mara ya tatu ndiyo walituzoea, na hapo mwenzangu akanionyesha kitu sikuwahi kukiona miaka minne: watoto wa safu ya dirishani siwaulizi maswali kabisa. Nasimama nimewapa bega la kushoto.

Ila tulikuwa tunafanya kwa sababu ratiba iliruhusu. Ratiba ilipobadilika tukaacha.

#42 MzeeWaRejista
Asante mwanangu. Naomba mstari wa mwisho wa #41 usomwe mara mbili.

#43 KalamuNyekundu
Na ratiba anaisaini nani mzee? Mwalimu mkuu. Tumerudi kwangu.

#44 MzeeWaRejista
Anaisaini, haisomi. Nimefanya kazi chini ya wakuu watano, najua ninachosema.

#45 NimekaaKitiHicho
Huwa naisoma.

#46 HesabuZaVidole
Mimi bado na kamba yangu. Jackson na Bruegmann, 2009, North Carolina: watoto wa la tatu mpaka la tano walipanda mwalimu wao alipopata wenzake hodari kwenye ngazi yake. Waliofaidi zaidi ni walimu wenye uzoefu mdogo. Yaani watu watatu wanne wa ngazi moja wanavutana vizuri. Ishirini na tano hawavutani. Safari hii nimehakiki kabla ya kuandika, DawatiLaNyuma usinitafute.

#47 DawatiLaNyuma
Uko sawa. Nimekutafuta nikakukosa.

#48 MamaWawili
ChakiNyeupe hajajibu swali la mlinzi.

#49 ChakiNyeupe
Nimelikwepa, ni kweli. Nimechukua siku mbili.

Ipo hivi. Jumatatu ile mtoto aliponiambia, mapumziko nilimkuta mwalimu wa darasa la kwanza anasahihisha madaftari ofisini. Nikakaa mbele yake, sikusema neno. Nilidhani anajua, nikaona wamenificha wote wawili. Jumanne hivyohivyo. Alhamisi nikasingizia kichwa, sikwenda kikao.

Jana nimemfuata darasani kwake watoto wametoka. Nikamuuliza alijua lini. Akasema Ijumaa, saa nne, alipoona begi. Halafu akaniuliza mimi nilijua lini. Nikamwambia Jumatatu. Akaweka kalamu chini. Akasema mtoto wa darasani kwake alimwambia kwamba "mwalimu wa la tatu anajua toka juzi". Kwa hiyo muda wote huu yeye anaamini nilikuwa upande wa waliojua. Ndiyo maana hakuniita Alhamisi tena, na mimi ndiyo maana sikumwita.

Kuhusu aliyehama, nimempigia. Anasema alitaka kutuambia Alhamisi ile ile, kikaoni. Alikuja. Akakuta chumba hakina mtu, akasubiri, akafunga mlango.

#50 KengeleYaPili
Duh.

#51 Mlinzi_Getini
Pole mwalimu. Sikuuliza kwa ubaya.

#52 KalamuNyekundu
Bado nasema wiki tatu za mwalimu mkuu ndizo zilizozaa hizo siku nne zako. Angesema mapema usingekuwa na cha kumeza.

#53 MamaWawili
Angesema mapema ungejua mapema, basi. Kunyamaza ni kwake mwenyewe. Samahani ChakiNyeupe, nasema kama dada.

#54 ChakiNyeupe
Sina kinyongo dada. Ratiba ya zamu ya muhula uliopita nimeibandua. Chini yake kulikuwa na ya muhula wa kabla yake. Na mwalimu mpya wa darasa la pili anaripoti wiki ijayo, safari hii tumetangaziwa kikaoni, na karani na mlinzi walikuwepo. Mimi na wa la kwanza tunamwandikia daftari, tunakumbuka watoto mmoja mmoja. Tumefika wa kumi na tisa. Kuna wawili tunabishana nani ni nani.

#55 MzeeWaRejista
Vizuri sana. Mnaandika saa ngapi?

#56 ChakiNyeupe
Alhamisi mzee. Baada ya vipindi.

#57 MzeeWaRejista
Wezi.